Okot p'Bitek: Mcheza kwao ambaye hakutunzwa kwao

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii twawafundisha watoto wetu tangu shule ya msingi, nao huikariri bila ya kuuliza endapo ni kweli siku zote. Maisha ya marehemu Okot p'Bitek, mshairi mashuhuri wa Uganda aliyefariki mwezi wa Julai 1982, yatulazimisha tuulize. Huyu alikuwa mcheza ngoma, mwimbaji, mwanakandanda, mwalimu na mtani asiyechoka. Alicheza kwao kwa moyo wake wote, na watawala wa kwao wakamnyima tuzo na kazi pia. Aliyemtunza alikuwa jirani, na jirani huyo ni Kenya.

Walimu na wanafunzi wetu wengi wanamjua Okot kwa kitabu kimoja tu, Song of Lawino. Aghalabu kitabu hicho husomwa kwa ajili ya mtihani: mwanafunzi ataje dhamira, atambue tamathali za usemi, aeleze mgogoro baina ya mila na usasa, kisha afunge kitabu. Mtu aliyekiandika, mtu wa vicheko, wa familia na wa mkono mkunjufu, haonekani popote katika majibu hayo. Nia ya makala haya ni kumrejesha mtu huyo mbele ya macho ya wasomaji, kwa maana sidhani kwamba twaweza kuuelewa wimbo huku tukimsahau mwimbaji.

Okot alizaliwa tarehe 7 Juni 1931 katika mji wa Gulu, kaskazini mwa Uganda. Kabila lake ni Waacholi, ambao lugha yao ina undugu wa karibu na Kijaluo cha huku kwetu. Baba yake, Jebedayo Opi, alikuwa mwalimu wa shule. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mwimbaji, mcheza ngoma na msimulizi wa hadithi. Kwa hivyo mtoto huyu alilelewa katika nyumba yenye madarasa mawili. Darasa la baba lilikuwa na ubao, chaki na Biblia. Darasa la mama lilikuwa na moto wa jioni, ngano na nyimbo. Watoto wengi wa kizazi chake waliambiwa wachague moja na kulitupa la pili, na wengi wakalitupa la mama. Okot hakulitupa. Alisoma hadi kileleni mwa elimu ya Kizungu, na kila alipofika juu zaidi aligeuka na kutazama kule kwenye moto wa mama yake.

Alisoma katika Gulu High School, kisha katika King's College, Budo, mojawapo ya shule zenye sifa kubwa kabisa nchini Uganda. Mwaka 1953, akiwa kijana wa miaka 22, alichapisha riwaya yake ya kwanza kwa Kiacholi, Lak Tar Miyo Kinyero Wi Lobo. Jina hilo latokana na usemi wa Waacholi, na maana yake ni kuwa meno yetu ni meupe, ndiyo sababu twaucheka ulimwengu. Naomba msomaji alitie jina hilo moyoni, maana ndilo ufunguo wa maisha yote ya Okot. Waacholi hawana maana kwamba anayecheka hana machungu. Wanasema kwamba binadamu amepewa meno meupe, na hata anapobeba machungu meno yale hubaki meupe, basi acheke.

Riwaya yenyewe yalithibitisha hilo. Yamhusu kijana aitwaye Okeca Ladwong, ambaye amempenda msichana lakini hana mahari ya kumwoa. Anafunga safari hadi Kampala kutafuta kazi, anahangaika mjini, anaishia kuchapa kazi katika shamba la miwa kule Jinja. Anakusanya senti zake kwa jasho, na akiwa safarini kurudi nyumbani pesa zile zinaibwa. Kisa hiki ni cha kulia, lakini Okot alikisimulia kwa namna ambayo msomaji anacheka huku moyo ukimuuma. Baada ya mwandishi kufa, riwaya hiyo ilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1989 kwa jina la White Teeth, na kijana yeyote wa leo aliyewahi kuuzunguka mji akitafuta kibarua atajiona humo.

Baada ya kusomea ualimu Okot alifundisha katika shule ya Sir Samuel Baker karibu na Gulu. Alifundisha Kiingereza na somo la dini, na akaiongoza kwaya. Jioni alikuwa uwanjani. Alilisakata kandanda kwa ustadi hata akateuliwa kuichezea timu ya taifa ya Uganda, na mwaka 1956 akasafiri nayo hadi Uingereza katika ziara ambayo bado yakumbukwa, kwa kuwa vijana wale wa Uganda walicheza miguu mitupu mbele ya Waingereza waliovaa viatu. Ziara ilipokwisha Okot hakurudi pamoja na wenzake. Alibaki huko, akasomea ualimu katika mji wa Bristol, kisha sheria katika chuo cha Aberystwyth, Wales, na hatimaye anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Oxford. Kwa hakika ni wachache waliopata kufika Oxford kwa kuufuata mpira.

Huko Oxford yalimkuta jambo ambalo hakulisahau. Katika mihadhara ya mwanzo kabisa alimsikia mhadhiri akiwataja Waafrika kwa majina ya watu washenzi, watu ambao hawajastaarabika. Okot alipinga hadharani, lakini upinzani wake haukubadili msamiati wa darasa. Baadaye alilieleza tukio hilo katika utangulizi wa kitabu chake African Religions in Western Scholarship, kilichochapishwa mwaka 1970. Twaweza kuiona picha yake: kijana aliyelelewa na mama mwenye hazina ya nyimbo na adabu ameketi katika ukumbi wenye sifa duniani kote, akiambiwa kwamba mama yake ni mshenzi. Wengine wangalikasirika na kuacha masomo. Wengine, na hawa ndio wengi, wangaliamini. Okot aliandika tasnifu kuhusu nyimbo za jadi za Waacholi na Walango. Aliyeitwa mshenzi ndiye aliyekuwa rejeleo la utafiti wake.

Alirudi Uganda na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Makerere. Tayari alikuwa na mswada wa shairi refu la Kiacholi, Wer pa Lawino, ambalo alilifasiri mwenyewe kwa Kiingereza. Mwaka 1966 shirika la East African Publishing House la hapa Nairobi lilichapisha tafsiri hiyo, na Song of Lawino likaenea kama moto wa nyikani. Lile la Kiacholi lilifuata mwaka 1969. Sisi wa Kiswahili tulilipata mwaka 1975, pale Paul Sozigwa alipolifasiri kwa jina la Wimbo wa Lawino. Mwaka 2001 Taban lo Liyong alitoa tafsiri mpya ya Kiingereza akilirejea shairi la Kiacholi. Ni mashairi machache ya Afrika Mashariki yaliyopata kushughulikiwa kwa kiasi hicho.

Shairi lenyewe, wasomaji wengi wanajua, ni malalamiko ya mke. Mume wa Lawino aitwa Ocol, jina litokalo kwenye neno la Kiacholi lenye maana ya weusi. Bwana huyo mwenye jina la weusi auchukia weusi wote. Amesoma, amerudi nyumbani, na sasa amemwona mkewe kuwa hafai. Amempata mwanamke wa kisasa, Clementine, na kila siku amtukana Lawino, wazazi wake na ukoo wake mzima. Lawino ajibu kwa wimbo. Amcheka Clementine kwa mapambo yake, acheka dansi za kukumbatiana gizani, acheka saa ya ukutani ambayo mumewe ameifanya bwana wa nyumba.

Naomba tusimame hapo penye saa. Katika utenzi huu Ocol ni mtu asiyetaka kelele za watoto. Mtoto akilia, yeye ahamaki kwa kuwa anasoma. Jamaa akija kumtembelea, yeye aona wakati wake unapotezwa. Nyumba yake imejaa vitabu, na haina nafasi ya mgeni. Kwa wanafunzi Ocol hufunzwa kama ishara ya usasa. Hilo ni kweli, lakini kabla ya kuwa ishara Ocol ni baba wa nyumbani aliyeshindwa kazi yake. Okot alimchora mtu asiyecheka na watoto wake, asiyemkaribisha nduguye, asiyecheza ngoma na mkewe, kisha akatuonyesha kwamba elimu yote aliyo nayo haitoshi kuufidia upungufu huo. Wimbo wamalizika Lawino akimsihi mumewe ajitibu, na akishapona ampe nafasi ya kuimba na kucheza mbele yake. Hadai talaka wala mali, ataka kuchezewa na kucheza katika nyumba yake.

Okot alikuwa kinyume cha Ocol. Vyeti vyao vyafanana, kwa maana wote wawili walisoma hadi wakachoka. Waliomfahamu walimkumbuka kama mtu ambaye alijaza chumba kwa kicheko mara alipoingia, mpenda ngoma, mpenda maongezi, mpenda kinywaji, mtu ambaye kwake mkahawa na ukumbi wa mihadhara vilikuwa mahali pamoja pa kubishana. Hakuwa na sauti mbili, moja ya wasomi na nyingine ya wanakijiji. Alipoteuliwa kuwa mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Maonyesho mjini Kampala mwaka 1966, alikuta jengo lililozoea michezo ya Kizungu na watazamaji wachache wenye nafasi zao. Yeye alizileta humo ngoma za vijijini, na kwao Gulu akaanzisha tamasha la sanaa ambamo wakulima walikuwa ndio wasanii.

Hapo ndipo methali yetu ilipoingia mashakani. Okot alikuwa na ulimi usiojua kupiga magoti, na aliikosoa serikali ya Milton Obote waziwazi. Muda si muda alipoteza wadhifa wake, na nchi ikawa haikaliki kwake. Alivuka mpaka akaja Kenya pamoja na jamaa yake. Mnamo Januari 1971 Idi Amin alipoipindua serikali ya Obote, milango ya kurudi ikazidi kufungwa, kwa maana Amin aliwaandama wasomi na hasa watu wa kabila la Okot kwa ukatili ambao historia imeuandika. Uhamisho uliotazamiwa kuwa wa muda ukawa wa zaidi ya miaka kumi.

Kituo chake cha kwanza huku kwetu kilikuwa Kisumu, katika idara ya chuo kikuu iliyowafundisha watu wazima nje ya chuo. Mkimbizi mwingine angalijificha na kujihurumia. Okot, mwaka 1968, alianzisha Tamasha la Sanaa la Kisumu. Mtu aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya ngoma aliwakusanya Wakenya ili wacheze ngoma zao wenyewe. Huo ndio ukarimu ambao ningependa vijana wautazame vizuri. Tumezoea kumwita mkarimu yule anayetoa kile kilichomzidi. Okot wakati huo hakuwa na nchi, hakuwa na wadhifa, wala hakuwa na uhakika wa kesho, lakini alitoa kitu ambacho hakuna serikali iliyoweza kumnyang'anya, nacho ni furaha yake na ujuzi wake.

Tangu mwaka 1971 hadi 1978 alikuwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Hizo zilikuwa siku za mapambazuko katika chuo hicho. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walikuwa wamependekeza kwamba idara ya Kiingereza ivunjwe na mahali pake ichukuliwe na idara ambayo moyo wake ni fasihi ya Afrika, na fasihi simulizi ikiwa nguzo mojawapo. Okot alikuwa mtu aliyekwisha kuyafanya hayo kwa mikono yake. Ngũgĩ aliandika utangulizi wa kitabu chake cha insha, Africa's Cultural Revolution, mwaka 1973. Mwaka uliofuata Okot alitoa Horn of My Love, mkusanyiko wa nyimbo za Waacholi katika lugha yao na kwa Kiingereza, zikiwemo nyimbo za watoto, za mapenzi, za vita, za kejeli na za maombolezo. Mwaka 1978 akatoa Hare and Hornbill, mkusanyiko wa ngano. Mwalimu anayefundisha fasihi simulizi leo na kudhani kwamba somo hilo lilianguka kutoka mbinguni pamoja na silabasi, hana budi kujua kwamba kuna watu waliolibeba mabegani.

Kenya ndiyo iliyomtunza. Mwaka 1971 alichapisha hapa Two Songs, kitabu chenye tenzi mbili, Song of Prisoner na Song of Malaya, na mwaka 1972 kikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Utenzi wa mfungwa ni wa giza. Ndani yake twasikia sauti ya mtu aliyefungwa na kupigwa, ambaye familia yake yalala njaa huku wakubwa wakila. Wahakiki wengi wameuhusisha na kuuawa kwa Tom Mboya hapa Nairobi mwezi wa Julai 1969. Ikiwa ni hivyo, basi mgeni huyu alituombolezea mtu wetu wakati ambapo wenyeji wengi walikuwa wakinong'ona. Wa pili ni wa mwanamke kahaba, na Okot aliona hakuna neno la Kiingereza lililomtosha kwa kichwa chake, akalichukua letu la Kiswahili. Mwanamke huyo awacheka wateja wake mmoja mmoja: mwanasiasa, mwalimu, mhubiri, wote wanaomtukana mchana na kubisha mlango wake usiku. Meno meupe yale yale.

Alikuwa baba wa jamaa kubwa. Alioa zaidi ya mara moja, akajaliwa watoto kadhaa, na baadhi yao walizaliwa na kulelewa huku ugenini. Kwa mkimbizi, nyumba si kuta tu. Ndipo mahali pekee ambapo lugha ya kwao yasemwa kutwa, na mtoto asiyeisikia hapo hataisikia popote. Ushahidi wa malezi ya Okot tunao, kwa sababu mabinti zake wawili walikuwa washairi baada yake. Jane Okot p'Bitek alichapisha Song of Farewell mwaka 1994. Juliane Okot Bitek, aliyezaliwa Kenya na ambaye makao yake yamekuwa Kanada, alichapisha 100 Days mwaka 2016, mashairi mia moja juu ya siku mia za mauaji ya halaiki ya Rwanda ya mwaka 1994, na A is for Acholi mwaka 2022. Mtoto wa mshairi halazimiki kuwa mshairi. Wapo watoto wa waandishi mashuhuri ambao hawataki hata kukiona kitabu, kwa kuwa vitabu ndivyo vilivyowanyang'anya baba. Mabinti wa Okot walichukua wimbo pale baba alipouacha, na kwa maoni yangu hiyo ni shahada kubwa kuliko zile za Oxford.

Haitakuwa haki kumsifu marehemu kana kwamba hakuwa binadamu. Okot alipenda ulevi, na wapo waliosikitika kwamba kinywaji kilimpunguzia saa za kalamu. Wapo wahakiki, hasa wanawake, walioshutumu kwamba Lawino apiganiwa na mwanamume, kwamba mshairi alimfanya amlalamikie mwanamke mwenzake kwa ukali kuliko alivyoulalamikia mfumo uliomruhusu Ocol kumdharau. Wapo pia waliosema kwamba aliipamba jadi kupita kiasi, akaficha uzito wake kwa wanyonge. Hoja hizi zina nguvu, na mwalimu mwema ataziweka mbele ya wanafunzi wake. Lakini hata mshutumu mkali hawezi kukana kwamba Okot mwenyewe alimpa Ocol nafasi ya kujibu. Mwaka 1970 alitoa Song of Ocol, ambamo msomi yule anena kwa kinywa chake mwenyewe. Ni mara ngapi sisi tunaobishana magazetini na bungeni tumempa mpinzani wetu kitabu kizima ili ajitetee?

Baada ya Nairobi alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Ife, nchini Nigeria. Amin alipoangushwa mwezi wa Aprili 1979, njia ya kurudi ilifunguka. Okot alirudi Uganda, na mwaka 1982 alikuwa Makerere akifundisha uandishi wa kubuni. Ilielekea kwamba hatimaye mcheza kwao angetunzwa. Kifo hakikumpa muhula. Alifariki mjini Kampala mwezi huo wa Julai, akiwa na umri wa miaka 51, na mwili wake ukazikwa katika nchi ya Waacholi. Miaka michache baadaye vita viliizonga nchi hiyo ya kaskazini, vikadumu takriban miaka 20 na kuwatia watu katika makambi, mahali ambapo hapakuwa na uwanja wa ngoma wala moto wa hadithi. Mtu angeweza kusema kwamba Okot aliepushwa kuyaona hayo. Mimi nasema kwamba nyimbo alizozikusanya zilikuwa akiba, na akiba hufaa wakati wa njaa.

Waacholi wana desturi iitwayo guru lyel. Baada ya maziko, jamaa na majirani hukusanyika tena kumkumbuka marehemu kwa ngoma na nyimbo za maombolezo. Huziimba nyimbo hizo wakicheza, hukimbia na mikuki kana kwamba wamekiona kifo na wanataka kupambana nacho, na katika nyimbo hizo hizo huweza kumtania aliyekufa na kuwatania walio hai. Okot alizikusanya nyimbo za aina hiyo na kuzithamini. Mgeni asiyeelewa angedhani kwamba watu hawa hawajui kulia. Ukweli ni kwamba wanalia kwa miili yao yote. Wanakubali kwamba marehemu ameondoka, lakini hawakubali kwamba kile alichokipenda kiondoke naye.

Nasi walimu tumkumbuke kwa namna hiyo. Katika shule zetu ngoma hutokea mara moja kwa mwaka, msimu wa mashindano ya muziki unapowadia. Kikundi kidogo cha wanafunzi huteuliwa, hufunzwa wimbo mmoja kwa juma nyingi, huvalishwa nyuzi na manyoya, na wakishashinda au kushindwa mavazi hufungiwa kabatini. Wanafunzi wengine wote hubaki watazamaji, au hubaki darasani wakidurusu. Mzazi akimkuta mwanawe akiimba humwuliza kama amemaliza kazi ya ziada. Mwalimu akisikia kicheko darasani hudhani kwamba nidhamu imeharibika. Tumewalea akina Ocol wengi, kisha tunawatungia maswali ya mtihani kumhusu Ocol.

Okot alionyesha kwamba kicheko hakiipunguzii elimu chochote. Aliyeongoza kwaya ndiye aliyesomea sheria. Aliyepiga mpira ndiye aliyeitetea dini ya Waafrika mbele ya wasomi wa Oxford. Aliyepapenda penye vinywaji na ngoma ndiye aliyetuachia rafu nzima ya vitabu. Kama mambo haya yaliweza kukaa katika mtu mmoja bila ya kugombana, hakuna sababu ya kuyagombanisha katika mtoto mmoja.

Kwa wanafunzi, ombi langu ni dogo. Muhula huu, kabla hamjaorodhesha dhamira za utenzi wowote, ukariri mbele ya wenzenu kwa sauti, na kama una mahali pa kucheka, chekeni. Kisha nendeni nyumbani mkamwombe bibi au babu awaimbie wimbo mmoja aliouimba akiwa na umri wenu. Uandikeni kwa lugha aliyouimba, muulize ulichezwaje, nani aliucheza na wakati gani. Okot alianzia hapo, kwa mama yake, na hakuhitaji ruhusa ya wizara wala fedha za wafadhili.

Kwa walimu wenzangu na wazazi, ombi ni zito kidogo. Mwacha mila ni mtumwa, twasema, na maneno hayo huyaandika ubaoni kwa chaki nyeupe. Lakini mila haikai ubaoni. Hukaa katika nyumba ambamo mgeni hukaribishwa, mtoto huruhusiwa kupiga kelele, na baba hujua kucheza. Yule ambaye saa ya ukutani imekwisha kumtawala na ajaribu jioni moja tu kuipa kisogo, aketi na wanawe, awaimbie, awaache wamcheke. Hapo ndipo mcheza kwao atakapotunzwa, na watunzaji watakuwa watoto wake mwenyewe.